Ukubwa wa Jitu na Kazi ya Mkono katika Shadow of the Colossus

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu uhakiki wa tenzi, wa hadithi na wa tamthilia. Yawezekana baadhi yao watastaajabu kuona kwamba safari hii mchezo wa video umewekwa mbele yao, na wengine watauliza kama jambo la watoto lafaa kuchukua nafasi ya jambo la watu wazima. Sina udhuru wa kutoa ila mmoja. Kazi yoyote iliyobuniwa na akili ya mwanadamu, ikaweza kumfanya mwanadamu mwingine ashangae, aogope au ajute, yastahili kupimwa, na ikionekana pungufu itajwe kuwa pungufu. Tumezoea kuwaonya vijana wetu juu ya saa wanazopoteza mbele ya michezo hii. Hatujazoea kuwasaidia kupambanua ulio bora na ulio hafifu. Onyo la mtu asiyeweza kupambanua halina uzito masikioni mwa anayeonywa.

Mchezo ninaotaka kuuhakiki ni Shadow of the Colossus, uliotungwa Japani chini ya uongozi wa Fumito Ueda na kutolewa na kampuni ya Sony mwaka 2005 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Mwaka 2018 ulitolewa tena kwa PlayStation 4, picha zake zikiwa zimechorwa upya na kampuni ya Bluepoint Games. Mimi niliuona kwanza nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari ng'ambo, katika nyumba ya kupanga niliyokaa na wanafunzi wenzangu. Nikauona tena miaka ya karibuni nyumbani kwangu, mkononi mwa mpwa wangu. Mara ya kwanza nilishangazwa na ukubwa. Mara ya pili nilishangazwa na neno moja alilolisema mtoto, na neno hilo ndilo lililonitia hamu ya kuandika makala haya.

Jambo la ukubwa katika michezo ya video ni la zamani. Ni desturi kwamba mchezaji akishawapita maadui wadogo wadogo, mwishoni mwa hatua hukutana na adui mmoja aliyewazidi wote kwa kimo na kwa nguvu. Desturi hiyo haina kosa. Hata hadithi za bibi zetu humweka zimwi mwisho wa njia. Walakini lipo swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza: ukubwa huo wabadili nini?

Lugha yetu yatupa njia nzuri ya kulifafanua swali hilo. Kiswahili kina uwezo wa kukikuza kitu kwa kubadili umbo la jina tu. Mtu huwa jitu, nyoka huwa joka, mbwa huwa jibwa. Sehemu iliyobaki ya sentensi yaweza kukaa vile vile: nilimpiga mtu, nililipiga jitu. Kilichobadilika ni jina na upatanisho wake. Kitenzi ni kile kile, wala mtenda hakupata kazi mpya. Huu nitauita ukubwa wa kiambishi. Lakini pana ukubwa wa namna nyingine, ambao haukubali kitenzi kibaki kilivyokuwa. Mtu hapigani na mlima, bali huupanda. Haiinui bahari, bali huivuka. Hapa ukubwa umeingia ndani ya sentensi yenyewe na kumlazimisha mtenda atafute kitendo kingine. Huu nitauita ukubwa wa kitenzi. Hoja yangu ni kwamba michezo mingi inayojisifu kwa majitu yake ina ukubwa wa kiambishi tu, na kwamba Shadow of the Colossus una ukubwa wa kitenzi. Tena ni katika kitenzi hicho huzuni ya mchezo huu inapozaliwa, kabla ya picha na kabla ya muziki.

Tuchukue mfano mmoja, tusije tukasema bila ushahidi. Katika God of War III, mchezo wa Kimarekani wa mwaka 2010, shujaa Kratos apambana na Cronos, babu yake, mmojawapo wa miungu wa kale katika visa vya Wayunani. Cronos ni mkubwa kiasi kwamba Kratos hutembea juu ya mkono wake kama mtu atembeavyo juu ya daraja. Picha hiyo ni ya kustaajabisha, na aliyeibuni alijua kazi yake. Lakini mchezaji afanya nini hapo? Hupiga kwa silaha zile zile na kwa vitufe vile vile alivyowapigia maadui wadogo, na pigo la mwisho hutolewa kwa kubonyeza vitufe ambavyo kioo chenyewe humtajia, kimoja baada ya kimoja. Macho yameliona jitu, mkono haukuliona. Simdharau mtungaji, maana alitaka kustaajabisha na amestaajabisha. Nasema tu kwamba ukubwa umekaa katika jina, haukushuka mpaka katika kitendo.

Hadithi ya mchezo wetu ni fupi. Kijana aitwaye Wander aingia katika nchi iliyokatazwa, akiwa juu ya farasi wake Agro, amembeba binti aitwaye Mono. Binti huyo amekwisha kufa; alitolewa kafara kwa kuwa ilisadikiwa kwamba ameandikiwa ajali mbaya. Wander amlaza juu ya madhabahu ndani ya hekalu kubwa, naye aomba roho yake irudishwe. Sauti itokayo juu, ya aitwaye Dormin, yamjibu kwamba jambo hilo huenda likawezekana iwapo sanamu 16 zilizopangwa kando ya ukumbi wa hekalu zitaangushwa. Na sanamu hizo haziangushwi kwa mkono wa mtu, ila kwa kuyaua majitu 16 yaliyotawanyika katika nchi hiyo. Aonywa kwamba gharama yaweza kuwa nzito. Ajibu kwamba hajali.

Basi hiyo ndiyo hadithi yote mpaka karibu na mwisho. Hakuna kijiji, hakuna soko, hakuna maadui wadogo wa kumzoeza mchezaji. Kuna nchi pana iliyo tupu, upepo, mijusi, ndege, na majitu 16. Mchezaji huinua upanga juani, nuru yake ikakusanyika kuelekea kwenye jitu linalofuata, naye hupanda farasi akaenda. Njiani hakuna hata muziki.

Yafaa hapa kulitazama jina. Kwa Kijapani mchezo huu waitwa Wanda to Kyozō. Neno kyozō limeundwa kwa sehemu mbili: ya kwanza yatoa maana ya ukubwa uliopita kiasi, na ya pili yatoa maana ya sanamu au mfano. Neno colossus nalo asili yake ni Kiyunani, na hapo kale lilitaja sanamu kabla halijawa neno la kutaja ukubwa. Majina yote mawili, basi, humwambia mchezaji kwamba huko aendako kuna vitu, si viumbe. Umbo la majitu lakubaliana na majina hayo: miili yao imechanganya manyoya na mawe, na juu ya migongo pana kuta na vibaraza, kana kwamba magofu ya kale yameamka yakatembea. Kwa sababu hiyo nimeandika majitu "yaliyotawanyika" na jitu "linalofuata", kwa upatanisho wa LI na YA, nami nitaendelea hivyo kwa muda. Namwomba msomaji aliangalie jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Sasa tuje katika kanuni za utendaji, yaani yale ambayo mchezaji aweza kuyatenda kwa mkono wake na yale yanayomrudia kwa kuyatenda. Kanuni iliyo moyo wa mchezo huu ni kushika. Wander hana nguvu za ajabu. Mbele ya majitu yaliyo makubwa zaidi yeye ni kama panya mbele ya ng'ombe, na upanga wake ukigonga jiwe la mwili wa jitu hauleti madhara. Anachoweza ni kuyashika manyoya yake na kulipanda. Ili ashike, mchezaji hubonyeza kitufe kimoja na kukizuia hapo. Akikiachia, Wander naye huachia. Pembeni mwa kioo pana duara dogo lionyeshalo nguvu za mkono wake, na kadiri anavyoning'inia ndivyo duara linavyopungua. Jitu likijitikisa, Wander hupeperuka huku na huku kama bendera kwenye mlingoti. Duara likiisha, huanguka. Akipata mahali pa kusimama, begani au mgongoni, duara hujaa tena.

Msomaji na autazame uzuri wa kanuni hii. Mchezaji ameshika kitufe, na kijana ameshika manyoya. Kitendo cha kidole na kitendo cha hadithi ni kimoja. Katika michezo mingi kidole hubonyeza na shujaa huruka, hubonyeza na shujaa hupiga, na kati ya kidole na kitendo hapana mfanano wowote. Hapa mfanano upo. Baada ya dakika kadhaa kidole chauma kweli. Aliyeucheza mchezo huu ajua kwamba hukibana kitufe kwa nguvu kuliko inavyohitajika, kana kwamba kubana zaidi kutamzuia Wander asianguke. Kubana zaidi hakuongezi kitu katika duara, naye alijua hivyo, wala hakuacha kubana.

Tena, jitu katika mchezo huu ni kiumbe na ni mahali kwa wakati mmoja. Jitu la 1 lina umbo la mtu aliyeshika rungu. Mchezaji hulishika kwa nyuma ya mguu, hulichoma hapo likapiga goti, kisha huparaga mpaka mgongoni na kichwani. Jitu la 3, lenye upanga wa jiwe, husimama juu ya jukwaa katikati ya ziwa. Mchezaji hulivuta lipige upanga wake juu ya bamba gumu ili kinga ya mkono wake ipasuke, ndipo apate njia ya kupanda. Jitu la 5 ni ndege, nalo hutulia juu ya nguzo mpaka lichokozwe kwa mshale. Likishuka kumkabili, mchezaji hulirukia bawa na kuchukuliwa juu ya maji. Kila moja ni kitendawili, na jibu lake limeandikwa katika mwili wake. Mchezaji hana budi kuusoma mwili huo: wapi pana manyoya, wapi pana ukingo wa kusimama, lini huinama, lini hutulia. Kwa hiyo, kabla hajaliua, amelijua jitu kuliko alivyopata kumjua adui yeyote katika mchezo mwingine. Ajua jinsi linavyogeuza shingo na jinsi linavyovuta pumzi. Ujuzi wa namna hii katika maisha yetu ni wa mchungaji, au wa mkunga, au wa daktari. Hapa umewekwa mikononi mwa mwuaji.

Mchezaji akifika penye alama ing'aayo, ambapo ndipo pa kufa, huinua upanga, hungoja jitu litulie, huchoma. Damu nyeusi huruka. Muziki wa Kow Otani, uliokuwa ukimtia moyo wakati wa kupanda, hukatika, na mahali pake huja sauti za maombolezo huku jitu likianguka polepole. Kisha nyuzi nyeusi hulitoka jitu na kumwingia Wander, naye huzirai. Huamka hekaluni, vivuli vya watu vikiwa vimemsimamia, na kila safari vimezidi kwa kimoja. Sanamu moja imepasuka. Angalia sasa mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kila jitu likifa, duara la nguvu huongezeka. Na kadiri yanavyozidi kufa, uso wa Wander hupauka na kuchafuka, mpaka mwishoni pembe zaanza kumwota. Mchezaji hulipwa kwa duara, na kijana hutozwa kwa uso. Mtungaji hakuweka neno lolote la kuueleza mlingano huo. Ameuacha mbele ya macho, na wachezaji wengi huliona duara mapema, uso wakauona baadaye sana.

Nimefika katika lile neno la mtoto. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mpwa wangu, kijana wa miaka 13, alipofika kwenye jitu la 13. Hilo ni joka refu mno liishilo jangwani, nalo huruka juu ya mchanga. Halimshambulii mchezaji. Tangu mwanzo mpaka mwisho halifanyi lolote ila kuruka, na pengine kujizika mchangani ili litoroke. Mchezaji hupiga mishale katika mifuko ya hewa iliyo chini ya tumbo lake hata lishuke, hukimbiza farasi sambamba na bawa lake linaloburura mchangani, huruka kutoka mgongoni mwa farasi na kulishika. Kwa majitu yote yaliyotangulia mpwa wangu alikuwa akinipasha habari hivi: "Mjomba, liko nyuma yangu," "Mjomba, limeanguka." Safari hii alipiga mishale miwili, akaacha, akanigeukia na kusema, "Mjomba, mbona hajanifanya kitu?"

Hakusema "halijanifanya". Alisema "hajanifanya". Kisha akaendelea, kwa sababu mchezo haukumpa njia nyingine, na joka lilipolala mchangani alisema kwa sauti ndogo, "Amekufa," wala hakufurahi kama alivyofurahi siku ya kwanza.

Wanasarufi walikwisha kuona zamani kwamba majina ya viumbe yakikuzwa yana njia mbili za upatanisho. Twaweza kusema "jitu lile limekuja", na twaweza kusema "jitu yule amekuja". Ya kwanza hukaza ukubwa, au ubaya, au dharau. Ya pili hukumbuka uhai. Vitabu vya shule hupenda kutuchagulia moja na kuiita sahihi, lakini katika vinywa vya watu zote mbili huishi, na uchaguzi kati yake si wa sarufi peke yake. Ni hukumu. Anayehama kutoka LI kwenda A amehukumu kwamba aliye mbele yake si kitu. Naona hapa ndipo ushahidi mkubwa wa ubora wa mchezo huu ulipo, maana hakuna hotuba iliyomfundisha mtoto hukumu hiyo. Aliipata katika vitenzi. Majitu ya nyuma yalikuwa na vitenzi vyao: yalikanyaga, yalipiga rungu, yalikimbilia. La 13 halikuwa na hata kimoja cha kumdhuru. Vitenzi vyote vilikuwa vya mchezaji: nilimfuata, nilimpiga mshale, nilimrukia, nilimchoma. Mkono wenyewe ulikuwa umeshuhudia kwamba mtenda ni mmoja.

Tangu hapa, basi, nami nitawaandika majitu kwa upatanisho wa A na WA.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kumkumbuka Fumo Liongo, ambaye Muhamadi Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913. Sidai kwamba mtungaji wa Kijapani aliwahi kumsikia; naleta mlinganisho kwa ajili yetu sisi. Liongo naye ni jitu asiyedhurika kwa silaha, mwenye mahali pamoja pa kufa, nako ni kitovuni, kwa sindano ya shaba. Yeye pia aliuawa na mtu aliyemjua kwa karibu sana, mwanawe mwenyewe, ambaye ujira alioahidiwa hakuufaidi. Na alipokwisha kufa alibaki karibu na kisima, ameshika upinde, watu wakaogopa kwenda kuteka maji. Lakini angalia tofauti. Hakuna msimulizi aliyepata kusema kwamba Liongo "lilikufa". Liongo ana jina, ana mama wa kumlilia, ana mashairi yaliyohifadhiwa kwa jina lake. Upatanisho wa A ni haki yake tangu ubeti wa kwanza. Majitu wa Ueda hawana lolote katika hayo. Katika hadithi yenyewe hakuna hata mmoja anayeitwa kwa jina, wala hakuna anayesema neno. Utenzi humpa Liongo utu kwa maneno. Mchezo huu umewapa majitu utu kwa kazi ya mkono. Hilo ni jambo ambalo utenzi haukuwa na njia ya kulifanya, nami naona ndiyo sababu mchezo wa video hauna haja ya kuomba radhi kwamba si kitabu.

Lipo pingamizi kubwa, na si haki kulipita. Watu husema: majuto ya mchezaji ni ya bei rahisi, kwa kuwa hakupewa hiari. Mchezo wamlazimisha aue, kisha wamlaumu kwa kuua. Hakimu wa namna hii angetolewa katika baraza lolote. Pingamizi hili lina nguvu, na kwa michezo mingine iliyoiga huzuni hii lawaangusha kabisa watungaji wake. Lakini hapa lakutana na kile kitufe. Mchezaji haagizi tu kwamba jitu auawe, kisha akangoja matokeo. Kila sekunde anayokaa juu ya mwili ule ameishikilia nia yake kwa kidole. Kuachia ni rahisi kuliko kushika. Aweza kuacha wakati wowote, naye hataki. Ni kweli hana hiari ya kuibadili hadithi. Lakini hiari ya kuendelea anayo, na huitumia mara elfu kwa kila jitu. Tena sikiliza jinsi wachezaji wasemavyo. Msomaji wa riwaya husema, "Amemwua." Mchezaji husema, "Nimemwua." Hakulazimishwa na mtu kutumia nafsi ya kwanza.

Nisifiche kasoro. Jicho la mchezo, yaani mahali tunapotazamia, mara nyingi hujificha nyuma ya mwamba au ndani ya manyoya wakati ule tunapolihitaji zaidi. Katika sura ya mwaka 2005 mashine ilielemewa, na picha zikawa zikikwamakwama majitu walipojongea. Kwa baadhi ya majitu kushika hugeuka kuwa kungoja tu: atikisike, atulie, uchome, atikisike tena. Hizo ni kasoro za ufundi, nami naweza kuzisamehe. Nisizoweza kuzisamehe upesi ni mbili. Ya kwanza ni ile njia ya mashindano ya muda, ambayo humrudisha mchezaji kwa majitu aliokwisha kuwaua, ili awaue tena mbele ya saa na kupata zawadi. Hapo mkono uliofundishwa kusema A hufundishwa tena kusema LI. Ya pili ni ya sura ya mwaka 2018, ambayo kwa mengine ni amana iliyotunzwa vizuri. Warekebishaji walificha katika nchi ile vitu 79 ving'aavyo, na anayevikusanya vyote hupata upanga mpya. Nchi ile ilikuwa tupu kwa maana: mchezaji alikwenda safari ndefu bila kazi, akabaki na tendo lake alilolitenda. Kumpa kazi ya kuokota njiani ni kumtoa katika fikira zake. Mwenye kuongeza chumvi katika chakula kilichopikwa na mwingine yampasa aonje kwanza.

Sasa mwisho. Kabla ya jitu wa 16 daraja lavunjika, na Agro amtupa kijana ng'ambo kwa usalama, mwenyewe akaanguka korongoni. Jitu wa mwisho amesimama mahali pamoja kama mnara. Kwa kumpanda, mchezaji hufika mpaka juu ya kiganja chake. Auawa kama wenzake. Ndipo wafika watu waliokuwa wakimfuatia Wander, wakiongozwa na kuhani Emon. Wampiga mshale, wamchoma upanga, na Dormin, ambaye vipande vyake ndivyo vilivyokuwa vimefungwa ndani ya wale 16, auvaa mwili wa Wander na kuinuka, kivuli kirefu chenye pembe.

Hapo mtungaji atenda jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kilele cha kazi yake. Haonyeshi tu kivuli hicho. Amtia mchezaji ndani yake. Vitufe ni vile vile, lakini mikono sasa ni mizito. Ukiagiza pigo, mkono huinuka polepole, na walengwa wamekwisha kuhama. Watu wadogo wakimbia miguuni pako, nawe huwashiki. Saa zote ulizokuwa ukidhani kwamba majitu ni wazembe au ni wabaya, kumbe hivi ndivyo walivyouona ulimwengu: mdogo mno, mwepesi mno, wenye kuchoma. Kisha Emon atupa upanga katika kisima cha hekalu, upepo wanyonya kila kitu, mwili mkubwa wapasuka, na mchezaji abaki tena na Wander mdogo, dhaifu. Kitu kimoja amebakiziwa: kushika. Hung'ang'ania ngazi, duara likapungua. Hukimbia hatua mbili, hung'ang'ania tena. Aweza kukawia, lakini hawezi kushinda. Kanuni iliyompa ushindi mara 16 sasa yampa muda tu, na kidole kilichozoea kubana chabana bila faida. Mono ameamka, na Agro amerudi akichechemea. Kisimani palipomeza Wander pamepatikana mtoto mchanga mwenye pembe.

Nilisema mwanzo kwamba sarufi yetu yatutaka tuchague kati ya "lilianguka" na "alianguka". Katika sehemu ile ya mwisho nilimsikiliza mpwa wangu nione ataliitaje jitu ambalo sasa ni yeye. Alisema, "Naanguka, Mjomba." Nafsi ya kwanza haina ngeli. Anayesema "naanguka" haulizwi kama ni mtu au ni jitu, kama ni mkubwa au ni mdogo.

Kwa wanaotunga michezo, na kwa vijana wetu wanaoanza kujifunza kazi hiyo, fundisho naona ni hili: wasianze kwa kuuliza jitu awe na kimo gani, bali wajiulize mkono wa mchezaji utafanya nini mbele yake ambacho haukupata kukifanya mbele ya mwingine. Kwa walimu na wazazi nasema jambo dogo zaidi. Mtoto akiwa anacheza, tusitazame kioo tu. Tusikilize viambishi vyake.